Mawese kwenye Mtungi wa Oksijeni

Nyinyi vijana mnaojifunza ufundi wa gesi, msinicheke nikianza na sabuni. Kabla ya kugusa mtungi wa oksijeni, nawa mikono kwa sabuni mpaka chini ya kucha, kisha jifute kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuingia jikoni. Najua mmeshaambiwa. Na mimi niliambiwa, tena nilikuwa nalitamka kwa mdomo wangu kila siku ya kazi, na bado nusura nichome kituo cha afya huko Busasamana pamoja na mtoto mchanga aliyekuwa amelazwa ndani. Nimestaafu sasa, magoti yamegoma, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwaachia. Ila mnivumilie, mimi sijui kufika mahali kwa njia fupi.

Bohari yetu ilikuwa hapa Gisenyi, kando ya ziwa na karibu na mpaka, kwenye barabara ya kutokea mjini. Tulikuwa tunajaza na kusambaza mitungi: oksijeni kwa vituo vya afya na mafundi wa kuchomelea, asetilini kwa mafundi hao hao, argoni, nitrojeni, na kaboni dioksidi kwa watu wa soda na wa vizimamoto. Mimi nilikuwa nimerudi na wazazi kutoka Karagwe, Tanzania, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu wa hapa. Walisema naongea kama redio. Niliajiriwa kwa sababu niliweza kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyobandikwa kwenye mitungi. Nilikuwa mwanamke pekee pale, na wapo waliosema sitamaliza mwezi.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Papa Sifa. Ni mzaliwa wa ufukweni, wa ukoo wa wavuvi, mtu mfupi wa sauti ya chini, ambaye hakupenda kurudia neno. Alikuwa na desturi yake. Mtungi wowote kabla haujatoka bohari, alisimama mbele yake na kuuhoji, na wewe unayeutoa ndiye uliyetakiwa kuujibia. Mara ya kwanza nilidhani amekunywa.

"We ni nani?" aliuuliza mtungi.

"Mimi asetilini," nikajibu.

"Unagombana na nani?"

"Nagombana na shaba nyekundu. Nagombana na kulazwa chini. Na nikibanwa kupita kiasi, nagombana na mimi mwenyewe."

"Njo vile. Pita." Kwake "njo" ni "ndiyo".

Msidhani ni mchezo. Hayo ya asetilini ni kweli tupu. Ukiiwekea bomba la shaba nyekundu, polepole inatengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Ukiibana peke yake inavunjika yenyewe bila hata kuhitaji hewa, ndiyo maana mle ndani ya mtungi imeyeyushwa kwenye dawa maalumu. Argoni nayo ilikuwa na jibu lake: "Mimi sigombani na mtu." Papa Sifa hakuridhika na hapo. Alikuwa anauliza, "Lakini?" Na wewe unajibu, "Lakini nikijaa chumbani, mtu analala hapo hapo, kwa sababu nimechukua nafasi ya hewa." Kwa hiyo hata gesi mvivu inaua. Inakuua bila kukugusa.

Niliyapenda maswali yale kwa sababu nina kichwa cha kukariri. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nayajibu huku nafunga kamba ya kiatu. Hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia, ingawa wakati huo nilijiona hodari.

Niwaambie kwanza habari ya pete. Siku moja tulipeleka nitrojeni kwa watu wanaotoa gesi chini ya ziwa, wapate kusafishia mabomba yao. Nitrojeni inafukuza hewa kwenye bomba, isije ikakutana na gesi ya ziwani, cheche moja ikalipua vyote. Gesi ile ya ziwani ikipanda inakuja na mwenzake anayenuka mayai yaliyooza. Nilishinda pale asubuhi nzima. Kurudi nyumbani, pete yangu ya ndoa, ya fedha, imekuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Jirani akaniambia pete ikigeuka hivyo mume ana mwanamke nje. Basi mume wangu, Baba Neema, aliporudi kutoka kazini alikuta mlango umefungwa na mimi dirishani namhoji. Maskini, aliapa mpaka akakaukiwa mate. Kesho yake Papa Sifa aliiangalia pete, akainusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Ile gaz ya mayai njo inagombana na fedha," akasema. "Muache bwana yako." Akaisugua kwa dawa ya meno ikarudi kung'aa. Baba Neema mpaka leo ananikumbusha kila nikimkasirikia.

Na habari ya injini. Nilikuwa naamini kaboni dioksidi inazima moto wowote. Si ndiyo kazi yake? Ni gesi nzito, tena huku kwetu wote tunayajua yale mashimo ambayo inajikusanya mpaka kuku wakiingia hawatoki. Kibatari ukikishusha humo kinazimika. Siku hiyo fundi mmoja jirani alikuwa anakata injini ya gari dogo la zamani, injini ya madini mepesi yanayoitwa magnesi, na vumbi la madini likashika moto mweupe wa kuumiza macho. Nikatoka mbio na kizimamoto, najiona shujaa, nikapuliza. Moto ukazidi. Nikapuliza tena, ukazidi tena, unaacha masizi meusi pembeni. Papa Sifa alikuja anatembea, hakukimbia, na ndoo mbili za mchanga mkavu, akaufunika. Baadaye akanieleza kwamba kaboni dioksidi nayo imebeba oksijeni ndani yake, na magnesi ina nguvu ya kuinyang'anya. Yaani mimi nilikuwa naulisha moto kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo jibu la kaboni dioksidi likaongezewa "lakini" yake, na mimi ndiye niliyetakiwa kuitamka kwa sauti mbele ya wote.

Sasa twende Busasamana.

Kituo cha afya cha kule kilikuwa na muuguzi anaitwa Odette. Kila alipokuja na gari lao kubadilisha mitungi alilalamika kuhusu mtungi mmoja: koki ngumu, yeye na mwenzake wanaizungusha kwa pamoja mpaka viganja vinawauma, na mgonjwa anasubiri. Mara ya mwisho alinionyesha malengelenge. Niliona huruma kweli. Mwanamke mwenzangu anapambana na chuma, halafu mimi niko bohari nimekaa.

Asubuhi moja gari lao lilipokuja tena, safari hii bila Odette, mtungi ule ndio uliokuwa zamu yake kutoka. Nilijaribu koki, kweli ilikuwa imekaza. Pembeni kulikuwa na chakula changu cha mchana, maharage na mawese kwenye kichupa. Nyinyi mnajua nyumba za huku. Bawaba ikilia, mawese. Kufuli ikikaza, mawese. Kisigino kikipasuka, mawese. Nikachovya kidole, nikapaka kwenye mpini wa koki na kwenye hesi, pale panapofungiwa kile kifaa chenye vipimo viwili vya duara kama saa, tunachokiita mano. Nikafuta kidogo, nikazungusha. Ikalainika vizuri, nikafurahi. Ukutani palikuwa na picha ya kopo la mafuta ya gari limepigwa msalaba mwekundu, na nilikuwa naipita mara mia kwa siku. Lakini yale yalikuwa mafuta ya mashine, machafu. Haya yangu ni chakula, tunawapa watoto. Ndivyo nilivyofikiri, kama kweli nilifikiri.

Papa Sifa akaja kuuhoji mtungi.

"We ni nani?"

"Mimi oksijeni. Mwenyewe siungui, nawasha wengine."

"Unagombana na nani?"

"Na mafuta," nikajibu, kidole changu bado kinanukia mawese.

"Pita."

Mtungi ukapanda gari, ukaenda. Mimi nikarudi kwenye kazi zangu nikiimba.

Yapata saa tano akaja fundi wa mashua kuchukua oksijeni. Alikuwa ametoka kula sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga, vidole vinang'aa, akanyoosha mkono kushika mano. Papa Sifa akamzuia kifuani.

"Nenda unawe na sabuni kwanza."

"Papa, hii ni mafuta ya sambaza tu. Haiko graisse ya mashine."

"Oksijeni haiulize mafuta ya nini. Ukifungua koki, inatoka na nguvu, inapata moto yenyewe pale mu mano. Ikikuta mafuta hata kidogo, inawaka. Na ikishawaka, ata chuma inaungua. Unataka kurudi kwako bila uso?"

Fundi akaenda kunawa. Mimi nilikuwa nimeshika spana. Nikaweka spana chini taratibu.

Niwaambie ukweli, maana la sivyo hakuna faida ya kuandika. Sikusema papo hapo. Nilijiambia labda nilifuta yote. Labda Odette hataufungua leo. Labda ni kidogo mno. Nikawafikiria wale waliosema sitamaliza mwezi. Nilinyamaza muda wote ambao fundi yule alinawa, akajifuta, akarudi, akafungiwa mano yake. Ni dakika chache. Katika maisha yangu yote ya kazi, ninazozionea aibu ni hizo dakika, kuliko hata mawese yenyewe.

Fundi alipoondoka nikasema, "Papa Sifa, ule mtungi wa Busasamana niliupaka mawese."

Aliniangalia. Hakufoka.

"Wapi?"

"Kwenye koki na kwenye hesi."

"Ita Odette. Mi naleta gari."

Nikapiga simu. Inaongea na mtu mwingine. Nikapiga tena, inaongea. Papa Sifa tayari alikuwa amesimamisha gari mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, akaniambia na mimi ninawe. Nilinawa mpaka ngozi ikauma. Kisha tukapakia mtungi wa akiba, tukaufunga wima kwa mnyororo. Tukaondoka.

Njia ya Busasamana mnaijua, mawe ya volkano kila mahali, gari linaruka kama linataka kututapika. Mashamba ya viazi kulia na kushoto, akina mama na mizigo kichwani wanaelekea mpakani. Mimi nilikuwa napiga simu tu. Inaongea. Inaongea. Nilikuwa naona uso wa Odette, mkono wake kwenye koki, koki inazunguka vizuri bila shida yoyote kwa sababu mimi nimeilainisha. Nikaanza kulia.

"We ni nani?" Papa Sifa akauliza, macho yake barabarani.

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Mimi oksijeni."

"Unagombana na nani?"

"Na mafuta."

"Mafuta gani?"

Swali hilo hakuwahi kuliuliza.

"Yote," akasema. "Ya gari, ya mawese, ya sambaza, ata ile munapaka mu nywele. Mi nilikuwa nakuuliza kila siku, we unajibu mbio, mi nafurahi, nasema huyu Mutanzania anajua. Sikukuuliza mafuta gani." Tukavuka daraja dogo. "Na Odette alishaniambia ile koki iko ngumu. Nilisema nitaangalia. Sikuangalia. Ule mtungi ulipashwa kubaki kwetu."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, si kusikia hivyo.

Tulipoingia uwanja wa kituo nilitazama paa kwanza. Hapakuwa na moshi. Madirisha mazima. Odette alikuwa amesimama nje na simu sikioni, na alipotuona akaishusha kwa hasira.

"Munasema na nani asubuhi yote? Mi naita, naita, muko mu communication."

"Na wewe," nikasema. "Tunakupigia wewe."

Akaiangalia simu yake, akaniangalia mimi. Kumbe kila nilipompigia alikuwa ananipigia. Papa Sifa alicheka kidogo, nami nikakaa kwenye ngazi.

Mtungi wangu ulikuwa mbali, mwisho wa uwanja, umefungwa kwenye nguzo ya uzio, na kipande cha plasta kimeandikwa USIFUNGUE. Odette akatoa mfukoni kipande cha gozi nyeupe, kile kitambaa cha kufungia vidonda. Katikati kilikuwa na rangi ya machungwa.

"Mi nafuta hesi kila mara mbele ya kuweka mano," akasema. "Vumbi ya huku iko mingi. Leo nikaona hii. Nikanusa. Nikasema, hapa mutu amepika." Halafu akaniuliza taratibu, "Ni nani?"

"Mimi. Nilitaka kukulainishia."

Alivuta pumzi, akaikunja gozi. "Ungepaka ya alizeti ningefungua, Mama Neema. Ile haina rangi."

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri. Nilikuwa nimeokolewa na rangi. Lakini hatukuwa na nafasi ya kukaa na wazo hilo, maana Odette alishatushika mkono kutuingiza ndani. Mtoto alikuwa wa miezi miwili, nimonia, pua zinapanuka kila akivuta, mbavu zinaonekana. Mama yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, hasemi, anatazama mshale wa mano kama sote. Mtungi wa zamani ulikuwa umebakiza kiasi cha mwisho. Kwa sababu yangu, ule wa kuupokea ulikuwa umefungwa kwenye nguzo.

Tukatoka, na Papa Sifa akashusha mtungi wa akiba, akanisogezea. "Fanya wewe," akasema.

Nikanawa tena. Hapo nje ya mlango nikafungua koki kidogo sana na kuifunga, ipulize vumbi. Nikafuta hesi kwa gozi mpya, nikamwonyesha Odette, nyeupe. Tukauingiza, tukausimamisha, nikafunga mano. Nikasimama ubavuni, si mbele, nikazungusha koki polepole, polepole kabisa. Mshale ukapanda. Odette akahamisha mpira wa oksijeni wa mtoto. Tukasubiri.

Sijui ni muda gani. Najua kwamba pua za mtoto zilipunguza kupanuka, na vidole vyake, vilivyokuwa na rangi mbaya, vikaanza kurudi. Odette akatikisa kichwa kukubali. Sijawahi kupata nafuu kama ile, na nimezaa mara nne.

Mama wa mtoto ni mwanamke wa kuuza viazi upande wa pili wa mpaka, Kiswahili anakiongea vizuri. Akatuambia asante. Mkwe wake alikuwa amepika viazi uani, akaanza kututengea. Papa Sifa akakaa. Mimi sikuweza. Ningeweza kuondoka na asante ile, na hakuna ambaye angenilaumu, lakini dakika zangu za kunyamaza nilishazimaliza bohari.

"Mama," nikamwambia, "ule mtungi wa kwanza ulioko nje, niliupaka mafuta mimi. Ungefunguliwa humu ndani ungewaka moto. Odette ndiye aliyewaokoa, si mimi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akakiacha pale mpaka kikapanda na kushuka mara kadhaa.

"Anapumua," akasema.

"Ndiyo. Anapumua."

"Bon." Akavuta kigoda kwa mguu, mkono wake mwingine haukutoka kwa mtoto. "Basi ikala chini, ukule. Viazi vinapoa."